Dalali anataka picha 20 kwa mwezi, bila jina langu

*Jambo Tantini. Niko mchoraji, naishi Katuba, Lubumbashi, nina bibi na watoto watatu. Ninakula kwa mabango: saluni, farmasi, makanisa. Bango moja siku mbili, dola 30, mteja ananunua rangi. Usiku nachora zangu, wamama wanaoosha madini mtoni, na hakuna anayezinunua. Sasa dalali mmoja wa mjini anataka picha 20 kila mwezi, zote sawa, kijiji na jua linalozama. Atanipa dola 10 kwa picha, rangi na kitambaa juu yangu, karibu dola 4. Picha moja inanichukua siku mbili. Na nisiandike jina. Bibi yangu anasema nikubali. Mimi naona mkono wangu utakufa. Juzi nilikuwa nachora bango la kinyozi nikajikuta nimekaa saa nzima kwenye sikio la yule kijana wa mfano, nikasema basi, nimekuwa wazimu. Tena mwezi uliopita nilichukua pesa ya minervali, yaani karo ya shule, ya binti yetu nikanunua rangi. Mama yake hajajua. Nifuate moyo au tumbo?*

Mwanangu, jambo sana.

Tuanze na hesabu, maana barua yako imejaa moyo na hesabu umeiacha nusu. Picha moja siku mbili, picha 20 siku 40. Huko Katuba mwezi una siku ngapi? Toa dola 4 za rangi na kitambaa, zinabaki 6. Hizo ni dola 3 kwa siku, na siku zenyewe hazitoshi. Bango linakupa dola 15 kwa siku. Kwa hiyo tumbo lenyewe limeshakataa kabla hujauliza moyo. Bibi yako amesikia dola 200 kila mwezi, na mwenye watoto watatu hawezi kusikia neno hilo akakaa kimya. Mimi pia ningesema kubali. Mwonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi, uone kama atarudia.

Najua utanijibu kwamba mabango hayaji kila wiki. Kweli. Ndiyo maana sikuambii umfukuze dalali. Mwambie picha tano kwa mwezi, dola 25 kila moja, nusu ya pesa mkononi kama avansi kabla hujagusa brashi, na jina lako chini. Akishuka hadi 20, zungumza naye. Kwenye jina usishuke. Kongo tuna sheria ya haki za watunzi tangu 1986, na jina la mtunzi kwenye kazi yake ni haki yake. Na hata bila sheria, jiulize kwa nini mtu anataka picha zako lakini hataki wewe ujulikane. Mteja akipenda picha yenye jina, kesho atakutafuta Katuba mwenyewe, apite pembeni ya dalali. Dalali analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Sasa huu mkono utakaokufa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Umesikia habari za Tshibumba Kanda Matulu? Alizaliwa hapa hapa mwaka 1947, mji ukiitwa bado Elisabethville. Alikuwa mchoraji wa kuuza, mwenye familia ya kulisha. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akazungusha picha zake nyumba kwa nyumba. Watu wa wakati ule walitaka vitu vinavyojulikana vya kutundika sebuleni: mambamuntu, yule mwanamke nusu samaki, na nyoka wake, askari wa wakati wa Wabelgiji akisimamia mfungwa anayepigwa fimbo, Lumumba. Mtu akitaka ile ile aliyoiona kwa jirani, anachorewa ile ile. Mara ngapi? Kila alipotokea mnunuzi. Halafu mwaka 1973 na 1974 alikutana na mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, aliyempa nafasi ya kuchora historia yote ya nchi kama alivyoiona yeye. Zilitoka picha zaidi ya 100, na yeye akiieleza moja moja kwa Kiswahili chetu cha hapa, na maneno yake yakarekodiwa. Unadhani zilitoka wapi? Yule Lumumba aliyemchora tena na tena kwa ajili ya wateja ndiye aliyekuwa amekaa naye miaka yote akimfikiri. Mwisho wake ni mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotea na hajulikani aliishia wapi, kwa hiyo sikupi maisha yake uyafuate. Nakuonyesha tu kwamba picha ya kuagizwa haikumuua mkono.

Na wewe umeniandikia jambo lile lile bila kujua. Saa nzima kwenye sikio! Kinyozi hakulipa sikio, alilipa bei na namba ya simu. Ule ndio uvuvio wako, ulikukuta juani ukiwa na kopo la rangi nyeusi, na wewe ukauita wazimu kwa sababu ulikuwa unausubiri usiku. Wale wamama wako wa mtoni, je, masikio yao umeyachora hivyo? Naomba usinikasirikie, lakini mtu anayechora saa tano ya usiku baada ya kushinda kwenye ngazi, umeme ukikatika akiwasha tochi ya simu, anachora uchovu. Pengine hazinunuliwi kwa sababu hiyo na si kwa sababu watu hawaelewi sanaa. Chukua asubuhi mbili za wiki, mwanga ukiwa mzuri, ziwe za wamama wako, na mabango yangoje saa sita. Zikifika tatu au nne unazoziamini, zipeleke kwa watu wa Picha, kile kikundi cha sanaa cha hapa mjini, wale walioanzisha Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, mwaka 2008. Zitazamwe na macho yasiyo ya dalali wala ya jirani. Wakikukosoa, sikiliza.

Nimeacha minervali mwisho, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Uliandika mstari mmoja tu kuihusu, katikati ya mambo ya rangi, kama mtu anayepita haraka mbele ya mlango wa mwenye deni. Huyo binti atarudishwa nyumbani mbele ya wenzake darasani, na mama yake ataijua habari hiyo kwa mkuu wa shule. Halafu siku utakayomwambia kwamba umekataa picha 20, atasikia nini? Atasikia baba aliyekula shule ya mtoto, sasa anakataa pesa. Hesabu yako yote nzuri itaanguka hapo.

Mwambie leo, kabla ya hesabu na kabla ya dalali. Usiseme habari za moyo. Sema: "Nilichukua kiasi fulani, nitakirudisha kwa mabango mawili yanayokuja, na kuanzia sasa pesa ya bango ikiingia wewe utaishika kwanza." Kesho asubuhi nenda shuleni uombe kulipa kidogo kidogo. Kama bibi yako ana likelemba, mchango wa kupokezana pesa kwa zamu, na wamama wa mtaa, usiombe zamu yake hata akikuonea huruma. Rangi utanunua kwa avansi ya dalali, akikubali. Asipokubali, wale wamama wa mtoni wachore kwa mkaa hadi bango jingine liingie.