Vijana wa maandiko ya miradi, someni barua za Dickens

Leo nimerudisha andiko lenye "kuwajengea uwezo walengwa kwa njia shirikishi na endelevu" karibu kila aya. Mlengwa mwenyewe hayumo. Wadogo zangu, kabla hamjafungua tena templeti ya mwaka jana, nipeni dakika.

1. Nenda ukaone. Septemba 1843 Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya Mwingereza, aliingia kwenye shule ya watoto maskini ya Field Lane, London, kisha akamwandikia Angela Burdett-Coutts, aliyerithi utajiri wa benki ya Coutts mwaka 1837. Alimweleza uchafu aliouona, vyumba vibovu, na watoto wanaoishi kwa wizi. Angela akawa tayari kulipia mahali pa kuogea na chumba kikubwa zaidi.

Mimi niliwahi kuandika ripoti ya robo mwaka nikiwa mezani. Kisima "kinahudumia kijiji kizima," nikaandika, kwa sababu ripoti iliyotangulia ilisema hivyo. Mfadhili akaja. Nikatangulia mbele na kofia yangu ya mradi. Tukakuta pampu imepigwa kufuli, kufuli lenyewe limeota kutu, na akina mama wanatupita na ndoo kuelekea mtoni. Mmoja akasimama, akanitazama kwa matumaini: "Mwanangu, ufunguo umekuja nao?" Mfadhili akaomba atafsiriwe. Mtafsiri nilikuwa mimi.

2. Bajeti ikaguliwe na mtu asiyekupenda.

3. Msiwe watu wa "ndiyo mama". Mei 1846 Dickens alimwandikia Angela barua ndefu kuhusu nyumba ya kuwapokea wanawake waliotoka magerezani na mitaani. Nyumba hiyo, Urania Cottage, ikafunguliwa Shepherd's Bush, London, Novemba 1847. Fedha za Angela, jasho la Dickens: aliwahoji wanawake mwenyewe na kuhangaika hata na nguo zao. Dickens alitaka waende ng'ambo wakiwa na tumaini la kuolewa, Angela akasita, naye akamjengea hoja kwa heshima zote. Mwenye fedha hakumziba mdomo.

Halafu tazameni Dickens alivyotoa matokeo ya nyumba hiyo mwaka 1853. Wanawake 30 walikuwa wamefika ng'ambo na kupata kazi nzuri, 7 kati yao wameolewa. Papo hapo akataja waliotoroka, waliofukuzwa na walioharibikia safarini. Nyie kila robo mwaka ni asilimia mia! Nani anaamini?

4. Dickens pia alimchujia Angela barua za waombaji wa msaada, na miongoni mwao walikuwemo matapeli wenye maneno matamu. Andiko likinipendeza mno, napiga simu kijijini.

5. Mwaka 1858 Dickens alitengana na mkewe Catherine. Angela alijaribu kuwapatanisha, Dickens akagoma, na kazi yao ya pamoja ikapoa. Basi mambo ya nyumbani yasiletwe kwenye kikao cha mfadhili. Hapa ninamsema mtu, na anajijua.