Kwa nini Britton aliachwa nje

Kaka, umeuliza inakuwaje kocha wa besiboli amwache mrushaji wake bora kabisa amekaa huku mechi inamponyoka. Ni mazoea. Mrushaji wa kumalizia huwekewa raundi ya 9, ya mwisho kama hakuna sare, timu ikiwa inaongoza, maana takwimu inayompa sifa huhesabiwa akilinda uongozi tu. Timu ngeni ina mtihani zaidi: mwenyeji ndiye anayepiga mwisho, basi kocha anaogopa kumtumia mrushaji huyo mapema, halafu uongozi upatikane akose wa kuulinda.

Ndivyo ilivyokuwa Toronto, Oktoba 2016. Mechi moja tu, anayefungwa anarudi kwao. Zach Britton, mrushaji wa kumalizia wa Baltimore Orioles, timu ngeni, alikuwa amelinda uongozi mara 47 kati ya 47 msimu ule. Sare 2-2, raundi ya 11, kocha wake Buck Showalter akamleta mrushaji mwingine, Ubaldo Jiménez. Edwin Encarnación wa Toronto akaupiga mpira hadi jukwaani, akaingiza pointi tatu kwa mpigo, 5-2, kwisha. Britton hakurusha hata mmoja!

Kwangu mimi alikosea, na mechi ile inaniuma hadi leo. Sisi tunaokaa jukwaa la Mkwakwani hapa Tanga hatungoji Coastal Union wapate bao ndipo beki imara aingie. Hatari ikija dakika ya 60, aingie dakika ya 60. Terry Francona, kocha wa Cleveland, alifanya hivyo mwaka huohuo: mrushaji wake Andrew Miller aliingia hata raundi ya 5, pale moto ulipowaka, na wakafika fainali.