Kwa Neema, kuhusu bastola ya rafiki yako

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako mama yako alinisomea kwa sauti, kisha nikautoa nje nikausoma mwenyewe, maana kila alipofika kwenye neno "bastola" alikuwa anasimama na kuniangalia. Umeuliza hivi: wenzako wa hapo Montana wakienda kutembea milimani mwisho wa wiki wanabeba bastola kwa ajili ya dubu, mmoja amejitolea kukuazima ya kwake, je, uichukue? Na ukamalizia, "Baba, si na wewe ulibeba bunduki Mlima Meru miaka yote?"

Ndiyo, nilibeba. Ila tuanze na lililo rahisi. Kaka yako amenitafutia sheria: serikali kuu ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, kama hiyo yako ya masomo, kuwa na silaha au hata risasi tu, isipokuwa awe miongoni mwa wachache walioruhusiwa, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo huko kuazimana kwenu si kama kuazimana mwavuli. Ukikutwa nayo, shule imeishia hapo. Ningependa barua nayo iishie hapo, lakini nakujua. Umeshaulizia leseni ya uwindaji, na usinikatalie, dada yako kaniambia.

Basi tusijifiche nyuma ya sheria.

Kile kisa cha mbogo unakijua kwa upande wa watoto wa mtaani. Upande wangu sijawahi kukusimulia vizuri. Tulitoka geti la Momella asubuhi, wageni watatu, kiongozi wao wa njia, wagumu, yaani wapagazi, na mizigo yao, na mpishi alikuwa yule mzee wetu wa Nkoaranga. Mimi mbele na bunduki ya serikali, kama kanuni ilivyo, maana Meru hakuna kundi linaloruhusiwa kupanda bila askari mwenye silaha. Mbogo na tembo wako njiani hasa. Mgeni mmoja, mtu mrefu mwenye sauti, kwao alikuwa na bunduki nyingi, na tangu tunavuka mto Ngare Nanyuki alikuwa ananielekeza namna ya kuibeba yangu. Mkono huu hapa, mtutu kule. Nikawa naitikia tu. Mgeni ni mgeni.

Tuko msituni, bado mbali na kambi ya Miriakamba, njia ikakata kona, na kwenye kona amesimama dume la mbogo. Peke yake. Nilikuwa nawaambia nyumbani, kundi la mbogo halinisumbui, likishtuka linakimbia lenyewe. Mwenye kesi ni dume mzee aliyejitenga. Nikainua bunduki. Nyuma yangu yule bwana ananong'ona, "Piga, piga." Mzee wa Nkoaranga alikuwa ameshatua trei la mayai chini bila kuvunja yai hata moja, anawavuta wageni kwa mikanda ya mabegi yao hadi nyuma ya mti. Kidole changu kilikuwa mahali pake. Na hapo, sijui lilitoka wapi, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani, mzee. Tunapisha." Nikarudi hatua moja. Nikasema tena, nikarudi tena. Akapuliza pua, akatikisa kichwa, akaingia vichakani bila haraka, kama bwana afya aliyemaliza kukagua hoteli.

Wagumu walicheka mpaka kambini. Mimi pia nilicheka. Kilichoniuma kilikuja tuliposhuka. Yule bwana alisimama getini, mbele ya madereva wote, akasema amelipia ulinzi akapewa mtu wa kuomba radhi wanyama. Mwenye kampuni iliyomleta, kampuni ya mjini ambayo sitaitaja, akalibeba neno lile akalisambaza kwenye vijiwe. Jumamosi mama yako yuko sokoni Tengeru, muuza nyanya anamwita "Mama Samahani". Wewe ulikuwa darasa la tatu, ukamrushia mwenzako kiatu kwa ajili yangu, tukaitwa shuleni. Madereva wa Usa River bado wananiita hivyo, na wengine hawajui jina langu jingine. Naitikia. Kuna siku naitikia vizuri na kuna siku naitikia tu.

Nilichokuwa nakiamini siku ile ndicho ninachokiamini leo, na mmekisikia mpaka mkakichoka: porini sisi ni wageni, na mgeni hupisha. Watu wengi wanaoumizwa na wanyama hawakukosa silaha, walikosa kupisha. Kaka yako ananisomea kwamba hata huko hifadhi ya Yellowstone, jirani yako, mnyama aliyejeruhi watu wengi kuliko wote si dubu. Ni baisani, nyati wa huko, mla majani, na kisa ni watu wanaomsogelea wapige picha. Wenye hifadhi wanasema kaa mita 23 kutoka kwa baisani, mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Nikasema, mimi ningewaongezea.

Lakini subiri, kuna swali linalonisumbua, na ndilo limenichelewesha kukujibu. Ile sauti yangu ya kawaida, ningeipata wapi kama mkononi ningekuwa na fimbo? Nasema niliomba samahani, lakini niliomba samahani nikiwa na kidole kwenye kifyatulio. Yule dume angekuja, ningempiga, na wala nisingejilaumu. Wenzangu wapo waliopona kwa sababu risasi ilitoka kwa wakati. Kwa hiyo nikikuambia "nenda na mikono mitupu, mungu wa dubu yupo", nitakuwa nakudanganya kwa jambo ambalo mwenyewe sikulifanya.

Kisha nageuka upande wa pili. Bunduki ile haikuwa yangu. Asubuhi nilisaini, jioni niliirudisha ghalani, na kila risasi ilikuwa na hesabu yake. Nilifundishwa, nikafundishwa tena, na bado nilikuwa naona ninavyobadilika nikiivaa: bega lilianza kufikiri kabla ya kichwa. Nilikuwa nakaribia mahali ambapo bila bunduki ningezunguka. Yule bwana wa mikono hii hapa mtutu kule, unadhani bila bunduki yangu mbele yake angesimama akinong'ona "piga"? Angekuwa nyuma ya mti kabla ya mayai.

Hili la dubu nimelisoma kadiri nilivyoweza, kaka yako akinitafsiria. Kuna watafiti, Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao, waliokusanya matukio ya Alaska. Mwaka 2008 walichapisha kwamba lile kopo la pilipili la kumpulizia dubu lilimzuia dubu wa kahawia, hao mnaowaita grizzly, kwa asilimia 92. Mwaka 2012 wakatoa la bunduki: matukio 269, na hawakuona tofauti ya maana ya majeraha kati ya waliofyatua na waliokuwa nazo wasifyatue. Nikamwambia mama yako, unaona? Akauliza, hao dubu waliopuliziwa wote walikuwa wanashambulia? Hapana, wengine walikuwa wanachungulia chungulia tu, wanatafuta chakula. Akasema basi usilinganishe. Mama yako angekuwa hakimu. Na kwenye utafiti huo huo wa bunduki, bastola zilifanikiwa mara nyingi zaidi ya kushindwa, hilo nalo lipo, silifichi.

Ila jambo moja kwenye makaratasi hayo niliona ni la kwetu kabisa: shida kubwa ya wenye bunduki ilikuwa muda. Mnyama anatokea karibu, silaha iko begani au haijawa tayari, na kukilenga kitu kinachokuja mbio huku mikono inatetemeka si kama kulenga makopo nyuma ya nyumba. Pilipili unapuliza wingu mbele yako, halihitaji shabaha ya askari. Lakini nayo ikikaa ndani ya begi ni mzigo tu. Kiunoni, mkono wa kulia, mchana kutwa, hata mkisimama kula. Wanauza na makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Nunua moja, ufanye mazoezi mpaka mkono uzoee kulichomoa bila kutafuta. Na mtembee mkiongea, hasa kwenye kona na penye kelele za maji. Njuga ndogo za begini usizitegemee. Tumia sauti yako, Mungu alikupa ya kutosha.

Halafu nimecheka jambo moja. Tangu Februari 2010 sheria yao inaruhusu kuingia na bunduki kwenye hifadhi za taifa, ikifuata sheria ya jimbo husika. Lakini kuifyatua humo bado ni marufuku. Kubeba ruksa, kupiga kosa. Hapa kwetu, raia akikutwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali atalala ndani siku hiyo hiyo.

Sasa lile neno ulilolificha mwishoni, "na si dubu tu, baba, kuna watu." Hilo nimelisoma zaidi ya hayo mengine yote. Nadhani ndilo swali lenyewe, na dubu umemweka mbele kwa heshima. Mama yako aliposikia alisema, "Mwanao wa kike yuko peke yake msituni, utamwambia naye aseme samahani?" Sikuwa na jibu. Mgeni hupisha, lakini mtu mwenye nia mbaya humpishi akapita. Anakuja na tabasamu, anauliza njia, na mpaka ujue nia yake ameshafika karibu kuliko yule mbogo. Hapo bastola kwenye begi haina mwenyewe. Ataichukua mwenye nguvu.

Kwa hiyo nitakachokuambia kwa upande huo ni kile nilichokuwa nawaambia wageni niliowapenda. Usiende peke yako. Huko wenyewe wanashauri watu watatu au zaidi, na dubu hulikwepa kundi. Mwachie mtu asiyekwenda jina la njia, mahali mlipoacha gari, na saa ya kurudi, na saa hiyo ikipita apige simu bila kuona aibu. Kuna vile vifaa vidogo vya setilaiti vinavyotuma ujumbe pasipo mtandao. Bei kaka yako ameiona, tutachangia, usibishe. Na ukifika mwanzo wa njia moyo ukakataa kwa sababu ya mtu uliyemwona pale, rudi. Hudaiwi maelezo na yeyote.

Ubebe au usibebe? Umekuwa mtu mzima na leseni utaitafuta bila mimi. Sitakukataza. Naandika "sitakukataza" na mkono unataka kuandika neno jingine, lakini nimewahi kuchekwa mbele ya watu kwa kitu nilichokifanya kwa haki, kwa hiyo sitaki na wewe ufanye jambo kwa sababu ya kuogopa nitasema nini. Ila niambie kuhusu huyo anayekuazima. Anaihifadhi wapi? Akiwa nayo anazungumza zaidi au kidogo? Mkikutana na mnyama, nani anakuwa mbele, na huwa anasogea au anarudi nyuma? Hayo nayajua kuyasoma kuliko hizo takwimu.

Mama yako anasema niongeze kwamba yeye angebeba zote mbili, na panga. Nijibu kabla ya Jumamosi, maana usipojibu wewe, maswali yake yote nayajibu mimi.

Baba yako,
Bwana Samahani