Vikombe vinaangusha katoni: tununue ejekta mpya?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kiwandani Jinja tunanyanyua katoni za sabuni za kilo 12 kwa vikombe 4 vya mpira vya milimita 50, vinavyovutwa na ejekta, kifaa kinachotumia hewa ya kompresa kunyonya hewa ya vikombe. Kitabu cha mashine kinataka geji ya mvuto isome -0.85 bar (yaani bar 0.85 chini ya hewa ya nje), yetu inaishia -0.5 na katoni zinadondoka. Tulipandisha hewa kutoka bar 5 hadi 8, ikawa mbaya zaidi. Tubadilishe ejekta?
Fundi wa zamu, Jinja

JIBU: Bado, ndugu fundi. Kwanza rudisheni hewa kwenye bar 5. Ndani ya ejekta hewa hupenya nozeli nyembamba, ikachomoka kwa kasi kuliko sauti na kuingia mrija ulio mbele yake. Kwenye mwanya ulio katikati msukumo hushuka, ndipo hewa ya vikombe inapovutwa. Mkizidisha hewa, mrija hauwezi kuimeza yote: mvuto unapungua, na hewa inayotumika inaongezeka kwa nusu nzima.

Ile -0.85 nayo msiihangaikie. Ilipimwa usawa wa bahari. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ya nje ina takriban bar 0.88 tu, kwa hiyo hata ejekta mpya itawapa kama -0.73.

Sasa hesabu. Kikombe cha milimita 50 kikiwa na -0.5 hushika kilo 10. Gawa kwa 2 kwa usalama, kilo 5. Vinne ni kilo 20. Katoni ya kilo 12 haikupaswa kudondoka! Nadhani geji yenu iko kwenye ejekta, na vikombe vinapata kidogo kuliko inavyosoma. Ihamishieni karibu na vikombe, mpime tena.

Kisha chomoeni kwenye ejekta mpira wa hewa unaokwenda kwenye vikombe, mfunge geji moja kwa moja kwenye tundu la ejekta la kunyonya. Ikifika -0.7, ejekta ni nzima; tafuteni vikombe vilivyochanika, viungio vinavyovuja, na mpira wa hewa ulio mrefu au mwembamba mno. Isipofika, ondoeni sailensa (kipunguza kelele kwenye tundu la kutolea hewa) kwa muda mfupi, masikio yakiwa yamezibwa. Geji ikipanda, sailensa imejaa vumbi la katoni, mweke nyingine. Isipopanda, pimeni hewa mlangoni mwa ejekta ikiwa kazini: regyuleta (kidhibiti cha msukumo wa hewa) inaweza kusoma bar 5 huku zinazofika ni 3. Mwisho ni nozeli. Ipulizeni, msiichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka, ndipo mtanunua nyingine.

Mkinunua, chagueni ya hatua nyingi, yaani yenye nozeli kadhaa zinazofuatana. Karatasi ya katoni hupitisha hewa, na ejekta ya aina hiyo huvuta hewa nyingi zaidi kwa matumizi yale yale. Ifungeni juu ya vikombe, karibu navyo kabisa.