Hakuna aliyeona: maswali yenu kuhusu ushahidi wa mazingira

Safu iliyopita niligusia ushahidi wa mazingira, yaani ule unaojengwa na vitu na matukio, kwenye kesi zinazofika mahakamani bila shahidi hata mmoja aliyeshuhudia tukio, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache ya huku Kigoma na la jirani zetu wa Tabora. Majina nimeyaacha, na barua ndefu nimezifupisha.

Wakili, shikamoo. Mdogo wangu amekamatwa Kibirizi na injini ya boti inayodaiwa kuibwa Ujiji. Hakuna aliyemwona akiiba, hata polisi wanakubali hilo. Yeye anasema aliinunua. Wanamshikilia kwa lipi kama shahidi hawana?

Marahaba. Wanayo injini, na hiyo inatosha kuanzia kesi.

Mahakama zetu zina kanuni ya mtu kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Akishindwa kutoa maelezo yanayoingia akilini kuhusu alivyoipata, mahakama inaweza kuhitimisha kwamba ama ni mwizi, ama ni mpokeaji wa mali ya wizi. Kwa hiyo usishangae wala usiwalaumu polisi kwa hilo peke yake.

Ila kabla mdogo wako hajadaiwa maelezo, upande wa mashtaka una kazi ya kufanya. Uthibitishe kwamba injini ilikutwa kwake kweli, kwamba ni mali ya mlalamikaji pasipo ubishi, kwamba iliibwa kwa huyo mlalamikaji, na kwamba iliibwa karibuni. Kesi nyingi hufia kwenye hilo la pili. Injini ina namba kwenye bamba lake. Mwenye mali akileta risiti yenye namba ileile, hapo pana kesi. Akisema tu "naitambua kwa rangi na ule mkwaruzo wa ubavuni", nenda mwaloni, boti zinakoegeshwa, jioni moja uhesabu injini zenye rangi hiyo na mkwaruzo ubavuni.

Hilo neno "karibuni" nalo halina idadi ya siku. Fedha taslimu na simu hubadilisha mikono haraka, kwa hiyo muda wake ni mfupi. Injini ya boti haiuzwi kila siku, na wanunuzi wake wengi wanafahamiana. Mahakama inaweza kuvumilia muda mrefu zaidi.

Sasa maelezo yake. Halazimiki kuthibitisha kwamba hakuiba. Inatosha atoe maelezo ambayo yanaweza kuwa kweli: aliyemuuzia ni nani, waliuziana wapi, nani alikuwepo, alilipa kwa njia gani. Kama alilipa kwa simu, muamala upo, utafuteni leo hii. Jambo moja hukuniandikia: alinunua kwa shilingi ngapi? Injini ya mamilioni ikinunuliwa kwa laki tatu, usiku, bila karatasi, bei hiyo nayo inageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Muulize kabla hakimu hajamuuliza.

Mahakama inataka mashahidi wangapi ili mtu afungwe? Hapa mtaani Mwanga wanasema wanne.

Hakuna idadi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haidai idadi maalumu ya mashahidi ili jambo lithibitike. Mmoja anayeaminika anaweza kutosha, na kumi waliokaririshwa maneno mamoja wanaweza kutupwa wote. Hao wanne mnaowasikia ni wa zinaa katika sharia ya Kiislamu. Mtaa umechanganya mafaili.

Mimi naona mtu aliyeona kwa macho yake ndiye shahidi. Haya mengine ni kubahatisha. Nimekosea?

Umekosea kidogo, ila uko na wenzako wengi.

Macho nayo hudanganya. Katika rufaa ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ambayo mpaka leo mawakili wanaitaja karibu kila panapohusika utambuzi wa usiku, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa kuona ni dhaifu sana na hauaminiki kirahisi. Ndiyo maana shahidi huulizwa: alikuwa umbali gani? Palikuwa na mwanga wa nini, karabai au mbalamwezi? Alimtazama kwa muda gani? Alimfahamu kabla? Mtu anaweza kuapa kwa moyo safi kabisa kwamba alimwona fulani, kumbe alimwona mwingine mwenye kimo chake. Injini haisahau namba yake. Ubaya wake ni kwamba haisemi ilifikaje hapo, na hiyo nafasi ndiyo watu huijaza kwa maneno yao.

Wasomaji wa Ujiji wanaijua vizuri Sura ya Yusuf. Kanzu ya Yusufu inaletwa na nduguze kwa baba yao Yakubu ikiwa na damu ya uongo, wakidai mbwa mwitu amemla, na Yakubu haikubali. Wafasiri husimulia kwamba alijiuliza ni mbwa mwitu gani huyo anayemla mtu bila kuchana nguo yake. Baadaye mke wa bwana wake anamsingizia. Yusufu anakana, na hakuna aliyekuwepo chumbani. Mtu wa ukoo wa mwanamke huyo anasema: itazameni kanzu. Ikiwa imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli. Ikiwa imechanwa nyuma, mwanamume ndiye mkweli. Ilikuwa imechanwa nyuma. Wasomaji wa Biblia nao wanaikumbuka Mwanzo 39, ambako mwanamke anabaki na vazi la Yusufu mkononi, anamwonyesha mumewe, na Yusufu anakwenda gerezani kwa vazi hilo. Nguo imemtetea kwenye simulizi moja na kumfunga kwenye nyingine. Katika Mwanzo hakuna mtu anayesimama kuuliza swali la pili.

Sisi ni wa Urambo. Kijana wetu alikunywa pombe na rafiki yake, wakaondoka pamoja usiku. Asubuhi rafiki kakutwa amekufa njiani. Kijana kaogopa, kakimbilia Mpanda. Kijiji kizima kinasema kukimbia ni kukiri. Je, mahakama nayo itasema hivyo?

Poleni, na pole zaidi kwa wafiwa.

Hapo kuna mambo mawili yanayomwelekea yeye: ndiye wa mwisho kuonekana na marehemu, na amekimbia. La kwanza ni zito. Mahakama zimekwisha kusema kwamba aliyeonekana mara ya mwisho na marehemu, asipotoa maelezo ya kueleweka, anaweza kuchukuliwa kuwa ndiye muuaji. La pili ni jepesi kuliko kijiji kinavyodhani. Mtu ambaye hajagusa kitu naye hukimbia akisikia kelele za "mwizi" au "muuaji", kwa sababu anajua kijiji chake hakingojei hakimu. Majaji wanaishi nchi hiihii, wanalijua hilo.

Kipimo chenyewe kipo tangu 1958, katika rufaa ya Simoni Musoke iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mambo yanayomwelemea mshtakiwa yawe hayapatani kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya busara isipokuwa kwamba yeye ndiye aliyetenda. Yakibaki maelezo mengine, hata moja tu lenye mantiki, mshtakiwa anaachiwa. Tuhuma, hata iwe nzito namna gani, haimfungi mtu.

Mtetezi wake atauliza basi: waliachana wapi na saa ngapi? Kati ya hapo na mwili ulipokutwa pana umbali gani, na nani mwingine alipita njia hiyo? Daktari anasema alikufa kwa kipigo, au alianguka? Ukiliuliza kila jambo peke yake litaonekana dogo. Jaji mmoja wa Uingereza, Pollock, alisema mwaka 1866 kwamba ushahidi wa namna hii ni kama kamba iliyosokotwa: uzi mmoja hauinui mzigo, nyingi zikisokotwa pamoja huenda zikauinua. Sikiliza lakini: kila uzi lazima kwanza uwe wenyewe umethibitishwa. Uvumi wa kilabuni hausokotwi humo.

Mrudisheni. Asiende kijijini, aende kituo cha polisi akiwa na ndugu mtu mzima, na wakili kama mnaweza kumpata, aeleze mapema waliachana wapi. Maelezo ya wiki ya kwanza huaminika kuliko yanayotolewa baada ya miezi sita.

Huku Kasulu Kamchape, wale wasaka wachawi, wamepita wakachimba pembe lililofungwa kitambaa cheupe chini ya kitanda cha bibi yetu. Watu wote wameona kwa macho, na bibi mwenyewe ana macho mekundu kama wanavyosemwa wachawi. Wanataka ahame. Wewe kama mwanasheria unasemaje, ushahidi si umepatikana?

Kilichoonekana ni pembe likitoka ardhini. Hakuna aliyemwona bibi akilifukia. Mahakama ya juu ya himaya ya Waingereza ilitahadharisha mwaka 1952, katika shauri la Teper, kwamba ushahidi wa mazingira lazima uchunguzwe kwa makini kwa kuwa unaweza kutengenezwa ili kumtupia mtu mwingine lawama, na ikatoa mfano wa kikombe cha Yusufu kilichowekwa ndani ya gunia la Benyamini.

Kwa hiyo uliza. Nani aliingia chumbani kwanza, na mikono yake ilikuwa na nini? Kwa nini hamkuruhusiwa kumpekua kabla hajaingia? Udongo wa Kasulu ni mwekundu. Kitambaa cheupe kilichokaa humo miaka hakitoki cheupe, na pembe lililozikwa mahali penye mchwa lingekuwa na alama za mchwa. Mkeka aliokuwa analalia bibi umeliwa pembeni na pembe halina hata mkwaruzo? Nani amelipwa, na kiasi gani kwa kila nyumba?

Na macho mekundu, ambayo barua yako imeyataja kama vile ni jambo dogo la nyongeza. Mwanamke aliyepika kwa kuni na kuchemsha mawese miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho mekundu. Wenzake wa Tabora wanaokesha kwenye mabani ya kukaushia tumbaku wanayo pia. Vikongwe wamekatwa mapanga kanda hii ya magharibi na kanda ya ziwa kwa sababu ya moshi. Mnasema lisemwalo lipo. Mara nyingi lipo kwa sababu limesemwa.

Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Mpeni bibi mahali salama usiku huu, kisha mwende polisi, ofisi ya mtendaji na ustawi wa jamii. Msimwachie mwenyekiti wa kitongoji peke yake, hasa kama ndiye aliyewakaribisha.

Mimi ni mwalimu wa historia Ujiji. Je, kanuni hizi zinatumika nje ya mahakama?

Mwalimu, unakaa juu ya mfano mzuri kuliko nilio nao mimi. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Walipofika Uvira wenyeji wakawaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki, kwa hiyo hauwezi kuwa mwanzo wa Naili. Burton na Speke wenyewe mdomo wake hawakuufikia, na miaka michache baadaye Burton bado aling'ang'ania kwamba huenda Naili inaanzia kwenye ziwa letu. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipiga kasia kutoka Ujiji hadi kule, wakaona maji yanaingia. Ushahidi wa wenyeji ulikuwa wa moja kwa moja tangu mwanzo, ila haukuwa na mtu wa kuuamini.

Kinachonivutia zaidi ni Livingstone. Alikuwa na mto Lualaba: mkubwa, wenye maji mengi, unaoelekea kaskazini. Yote kweli. Akahitimisha kuwa ndiyo Naili, na alikufa mwaka 1873 akiamini hivyo. Kumbe mambo hayo yote yalipatana na Naili na yalipatana vilevile na Kongo, na kipimo cha Musoke kingemwambia asitoe hukumu bado. Stanley aliufuata mto huo hadi upande wa Atlantiki mwaka 1877, ikajulikana ni Kongo. Hata maji ya Tanganyika yanatokea Lukuga upande wa Kalemie, yanakwenda hukohuko. Wape wanafunzi wako swali hilo bila kuwaambia jibu.

Mume wangu alitoka Katonga kuvua dagaa, ukavuma upepo mkali usiku huo. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, yeye na mwili wake hawajaonekana. Ni mwaka wa pili. Benki wanataka cheti cha kifo. Wananiambia ningoje miaka mitano.

Pole sana, mama.

Hiyo miaka mitano wamekuambia kweli, lakini si yote. Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka mitano na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, anayedai kwamba yu hai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Hiyo ni kwa pale ambapo pana ukimya tu. Wewe una zaidi ya ukimya, na mahakama inaweza kuombwa mapema ipime mazingira yenyewe.

Kusanya haya: maelezo ya viongozi wa mwalo kuhusu nani walitoka usiku ule na nani walirudi, maelezo ya waliouona mtumbwi, wapi na siku gani, nakala ya taarifa uliyotoa polisi, barua ya serikali ya mtaa. Ongeza kwamba simu yake haijatumika na akaunti yake haijaguswa tangu siku hiyo. Onyesha pia kwamba mliulizia kwenye mialo mingine, pamoja na upande wa Burundi na Kongo, kwa sababu swali la kwanza la hakimu litakuwa kama upepo haukumpeleka ng'ambo akiwa hai.

Na kama alikuwa na deni, au mlikuwa mmegombana wiki ile, mwambie wakili wako sasa, kabla shemeji zako hawajalisema mbele ya hakimu.