Mkuu, usijumlishe 5 na 2! Kosa hilo lilinila laki mbili na arobaini

Shusha kalamu mkuu. Shusha kabisa. Nimeona umeandika "5 + 2 = 7" tumbo likanikata, maana 7 yako na 3 yangu ya mwaka 2014 ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa waliochelewa: jamaa ana mdogo wake kidato cha kwanza, kapewa swali. Mafundi 4 na vibarua 6 wamelipwa jumla ya sh 1,600,000. Malipo ya fundi mmoja kwa ya kibarua mmoja ni 5:2. Kila mtu apate ngapi? Yeye kagawanya kwa 7, kapata 228,571 na desimali zinazokimbia mpaka kesho kutwa, sasa anauliza akadirie wapi.

Hukadirii popote, hiyo 7 haina kazi hapo. Ngoja nikwambie ilivyonila.

Nilikuwa nasimamia nyumba ya tajiri mmoja Kigamboni. Waliniita fomeni, nami nikaitika. Mafundi 3, saidia fundi 6, siku 12 za kupandisha kuta mpaka kwenye lenta. Tulikubaliana mapema, wote wanasikia: fundi akila mbili, saidia anakula moja. Jumamosi jioni tajiri kaleta 1,440,000 taslimu, kaniachia, kaondoka zake. Nikachana karatasi ya mfuko wa saruji, nikaazima penseli ya fundi, nikapiga hesabu mbele ya watu kama profesa. Mbili jumlisha moja, tatu. Gawanya, 480,000. Mafundi mara mbili, 960,000, wako watatu, kila mmoja 320,000. Saidia 480,000, wako sita, kila mmoja 80,000. Nikajumlisha upya kuhakikisha: 960,000 na 480,000 ni 1,440,000. Imekubali! Nikagawa.

Hapo ndipo penye mtego mkuu. Jumla inakubali. Ukikosea hivi hela haizidi wala haipungui, kwa hiyo hakuna kengele inayolia. Mafundi wamehesabu za kwao kimya kimya (na kimya cha fundi siku ya malipo ungejua tu kina jambo), wamebeba mabegi, wamepanda daladala.

Akabaki mzee mmoja saidia, darasa la saba la zamani, kashika noti zake nane. Akaniuliza taratibu tu, "Fomeni, fundi kapata ngapi?" Nikamwambia laki tatu na ishirini. "Nusu yake?" Laki na sitini. "Mimi nina themanini." Halafu akanyamaza, ananitazama. Wale wengine watano wakaanza kusogea. Mkuu, usiombe kusogelewa na watu watano wenye sepeto.

Nikarudi kwenye karatasi yangu mikono inatetemeka, vumbi la saruji limejaa. Fundi mmoja mafungu 2, wako 3, hayo 6. Saidia fungu 1, wako 6, hayo 6. Jumla mafungu 12, siyo 3! 1,440,000 gawanya kwa 12 ni 120,000. Fundi alistahili 240,000, saidia 120,000. Yaani kila saidia nimemla 40,000, mara sita, 240,000. Mafundi kuwapigia simu: mmoja hapatikani, mmoja kaniambia "bosi, hesabu ulipiga mwenyewe", wa tatu alicheka tu. Nikatoa mfukoni kwangu. Kodi ya chumba mwezi ule niliilipa kwa maneno matamu. Na mpaka leo Kigamboni wapo wanaoniita Themanini.

Msinicheke sana. Hesabu kidato cha nne nilipata D, lakini ilikuwa D ya jasho langu.

Ninayemlaumu ni mwalimu wangu wa tuisheni. Alikuwa na "njia ya mkato" yake, tukiiimba kama kwaya: jumlisha uwiano, gawanya, zidisha. Mifano yake yote ilikuwa Juma na Asha wamegawana embe. Juma mmoja, Asha mmoja! Watu wakiwa sawa kwa idadi njia ile inakubali. Hata mimi ningekuwa na saidia 3 badala ya 6, ile 320,000 ya fundi ingekuwa sahihi kabisa na mzee angepata 160,000 yake. Mwalimu hakutuletea hata siku moja Juma watatu na Asha sita. Tukalipa ada, tukatoka na wimbo. Mungu anamwona.

Basi shika hili moja, mengine tupa: uwiano ni wa kichwa kimoja, kwa hiyo zidisha kwa vichwa KWANZA, ndipo ujumlishe. Kwa swali lenu, mafundi 4 × 5 ni 20, vibarua 6 × 2 ni 12, jumla mafungu 32. 1,600,000 kwa 32 ni 50,000. Fundi 250,000, kibarua 100,000, wala hakuna desimali. Kisha fanya kama yule mzee, linganisha mtu kwa mtu: 250 kwa 100 ni 5 kwa 2? Ndiyo. Zile zako ukizimalizia, fundi anapata kama 285,714 na kibarua 76,190, karibu mara nne. Nani alikubali mara nne?

Ila swali lisome vizuri. Likisema "mafundi wote kwa vibarua wote ni 5:2", hapo 7 yako ni halali. Neno "kila" au "mmoja" ndilo la kuwinda, na mdogo wako sasa anasomeshwa kwa Kiingereza, litampita hivi hivi.

Na siku nazo ni vichwa! Kazi yangu iliyofuata nilikuwa na mafundi 2 na saidia 3 wa siku 10, na saidia wa nne aliyeumwa akaja siku 5 tu, uwiano ule ule wa 2:1, hela 750,000. Mafundi 2 × 10 × 2 ni 40, saidia 3 × 10 ni 30, mgonjwa 5, jumla 75. Kila fungu 10,000. Fundi 200,000, saidia 100,000, mgonjwa 50,000. Nilimsomea kila mtu hesabu kabla sijafungua bahasha, na fundi mmoja akaguna. Nikamwachia penseli apige mwenyewe.