Muulize Fundi: Zamu mbili, dawati moja

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani, Dell OptiPlex ya mtumba, RAM GB 8, diski GB 500, Windows 10. Alama za wanafunzi wangu zimo humo kwenye Excel, na hesabu za duka la baba watoto zimo humo pia. Kijana wetu ameanza chuo, anasomea kompyuta, na anataka kupiga Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, humo humo, "upande wa pili". Amenihakikishia kwamba hakuna kitakachofutika. Baba yake amekataa katakata, anasema kompyuta itachanganyikiwa. Na fundi wa mtaani ametuambia haikubali Windows 11. Tufanyeje? — Mama Kijana

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Umri wako siujui, ila walimu wa shule ya msingi nawaamkia wote.

Mwambie mzee kompyuta haitachanganyikiwa. Wewe unazijua shule za zamu mbili: wa asubuhi wanakalia dawati, wanaondoka, wa mchana wanakuja kukalia lilelile, na hawagombani kwa sababu hawakutani. Ndivyo ilivyo hapa. Windows ikiwa imewaka, Linux ni mafaili tu yaliyolala kwenye diski. Zamu haibadiliki mpaka uzime uwashe. Kwa kawaida anayesimama mlangoni kuuliza "zamu ya nani?" ni kiprogramu kinachoitwa GRUB. Kinasubiri sekunde chache, na usipochagua kitu kinafungua Linux. Mzee akiwasha kompyuta huku anahudumia mteja, atakuta kioo asichokijua, na hapo ndipo nyumba itawaka moto. Nitarudi kwenye hilo.

Tatizo ni kwamba wa zamu ya asubuhi hawaondoki vizuri. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukizima kompyuta, sehemu ya Windows haizimiki kweli, inaandikwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ni kama wanafunzi wameenda nyumbani na madaftari wameyaacha ndani ya dawati. Linux ikifika ikayaona, inakataa kuyagusa. Mafaili yenu itayafungua kwa kusoma tu, au isiyafungue kabisa, na kijana ataanza kulalamika kwamba diski mbovu. Diski ni nzima. Nendeni Control Panel, Power Options, kisha "Choose what the power buttons do", mtoe tiki ya Fast Startup. Kazi ya dakika moja.

Sasa hilo la "hakuna kitakachofutika". Hapo sikubaliani na kijana, na nina sababu. Mwaka 2017 nilimwambia dada yangu maneno hayohayo. Nikakaa kwenye kompyuta yake ya mezani, bila UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), nikaanza kuipunguza sehemu ya Windows ili Linux ipate nafasi. Kupunguza kule ni kuhamisha mafaili kutoka upande mmoja wa diski kwenda mwingine. Katikati ya kuhamisha, umeme ukakatika. Ulirudi baada ya robo saa, picha za harusi yake hazikurudi. Mpaka leo akinipigia simu na kuniita "Fundi" badala ya "kaka", najua amelikumbuka.

Kwa hiyo kwenu nyinyi, wenye alama za wanafunzi na hesabu za duka kwenye diski moja ya mtumba ambayo hamjui imezunguka miaka mingapi, nasema msiigawe. Nunueni diski ya pili. SSD ndogo ya GB 240 inamtosha kijana kabisa. Zimeni kompyuta, chomoeni waya wa umeme, fungueni kifuniko, mtazame kama kuna soketi ya SATA, ile ya kuchomekea waya wa diski, iliyo wazi. Kama hakuna, toeni waya za kisomeo cha DVD. Nani bado anacheza DVD? Halafu fanyeni jambo ambalo vijana wengi hawalifanyi kwa haraka zao: wakati wa kupiga Linux, diski ya Windows ichomolewe kabisa. Isiyochomekwa haifutiki, hata kijana akibonyeza kitufe kibaya. Akimaliza, mnairudisha na kuiweka ya kwanza kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Mzee akiwasha anakuta Windows yake kama jana. Kijana akitaka Linux, anabonyeza F12 mara tu nembo ya Dell inapotokea, anachagua diski yake. GRUB haitamuuliza mzee chochote.

Hata hivyo, kabla ya kugusa bisibisi, nakili mafaili yako na ya duka kwenye flashi, uifungie kabatini. Flashi nyingine, ya GB 8, ndiyo ya kuwekea Linux kwa programu ya Rufus, na hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe yenye kwaya ya kanisa. Kati ya aina za Linux, Mint ni karibu GB 3, Ubuntu 24.04 ni kama mara mbili ya hapo. Apakue chuoni, asimalize bando la nyumbani. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kupigwa popote, basi muiwashe hivyo kwanza jioni moja, muone kama sauti, printa na Wi-Fi vinaitika.

Kuhusu Windows 11, fundi wenu yuko sahihi kwa OptiPlex nyingi za mtumba, maana inataka prosesa za karibuni zaidi. Na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Inaendelea kuwaka, ila viraka vya usalama vya kawaida vimekoma. Mimi ningepanga hivi: Excel na duka vibaki Windows, mambo ya intaneti na benki yahamie kwenye Linux ya kijana. Usikimbilie kuhamisha alama zako. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, inafungua mafaili ya Excel, lakini kama karatasi yako ina makro (amri zinazojiendesha zenyewe) za kupanga nafasi za wanafunzi, nyingine zitagoma. (LibreOffice ilitokana na OpenOffice, ileile ambayo mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwekwa kwa Kiswahili na kuitwa Jambo.) Linux itayasoma mafaili ya Windows, lakini Windows peke yake haiyasomi ya Linux. Usiniandikie kwamba yamepotea.

Na saa. Mkitoka Linux kuingia Windows, saa itakuwa nyuma kwa saa tatu. Windows inaamini saa iliyo kwenye bodi ya kompyuta ni ya hapa kwetu, Linux inaamini ni ya UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Mteja mmoja aliniambia ameelewa, kompyuta inachanganya saa za Kiswahili na za Kizungu. Nilicheka, lakini hizo zinaachana kwa saa sita! Kijana aandike kwenye tamino ya Linux, dirisha la kuandikia amri: timedatectl set-local-rtc 1. Imekwisha.

SWALI: Nilikuwa na mifumo miwili kwenye laptopu. Nimefuta sehemu ya Linux nikiwa ndani ya Windows. Sasa nikiwasha napata maandishi meupe tu, "grub rescue>". Nimepoteza kila kitu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Umemfuta mwenye nyumba ukamwacha mlinzi getini, yaani GRUB, hajui ampeleke nani wapi. Ingia mipangilio ya BIOS, kwenye mpangilio wa kuwasha uweke Windows Boot Manager juu. Kama mashine ni ya zamani na jina hilo halimo, washa kwa flashi ya Windows, fungua Command Prompt kwenye sehemu ya kurekebisha, andika bootrec /fixmbr. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, ufunguo huo una tarakimu 48, zaidi ya tokeni mbili za LUKU. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia kwa simu, uunakili polepole.